Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: moja mara tatu ni ngapi?

Kwa: Mganga Mfawidhi
Kupitia: Mfamasia Mfawidhi na Bodi ya Hospitali
Dar es Salaam

YAH: MAANDISHI YA HOSPITALI YENU NA WAGONJWA WANAOSHINDWA KUYASOMA

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sentensi hiyo nimeiweka kwa heshima ya barua rasmi, kama tulivyofundishwa shuleni. Ukiitazama vizuri haisemi kitu, maana kichwa cha habari umeshakisoma. Iache hapo kwanza, nitaihitaji mbele ya safari.

Hii ni mara yangu ya nne kukuletea jambo hili. Mara ya kwanza nilisema kwa mdomo pale dirisha la dawa, nikaambiwa nisogee, foleni ndefu. Mara ya pili niliandika karatasi nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni lililo karibu na mapokezi. Kufuli lake limeota kutu, na siku ileile nilijua nimewaandikia buibui. Mara ya tatu nilileta barua masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nyumbani na nakala yangu. Imepita miezi mitano. Ndiyo maana leo naandika mbele za watu. Jina la hospitali sitalitaja, sikuja kumwaibisha mtu. Wewe utaijua kwa mambo yenyewe, na sitashangaa waganga wafawidhi wa hospitali nyingine tatu nne wakidhani nawasema wao.

Mimi ni fundi mabango. Nimeshika brashi tangu kabla ya mashine za kuchapa mabango ya plastiki hazijajaa mjini: maduka, saluni, kuta za shule, vibao vya mbele vya daladala. Fundi aliyenifunza alikuwa na desturi moja. Akimaliza kibao ananivusha barabara, ananisimamisha upande wa pili penye vumbi na kelele, kisha anasema, "Haya, soma." Nikisitasita, anachukua kitambaa na mafuta ya taa, anafuta, tunaanza upya. Hakuwahi kuniambia macho yangu mabovu. Kibao ndicho kilichokuwa na kosa, siku zote, hata siku ambayo kweli nilikuwa na usingizi.

Nakuomba uishike desturi hiyo unaposoma yanayofuata, kwa sababu hospitalini kwenu mambo yako kinyume. Kwenu kibao hakikosei. Anayekosea ni anayesoma.

Mama yangu ana miaka 73, ana sukari na presha. Kliniki yake ni Jumanne. Jumanne moja alirudi na vibahasha viwili vyeupe, vya saizi moja, vyenye vidonge vyeupe vidogo. Kimoja kiliandikwa kwa peni, kwa mwandiko wa haraka, jina la Kimombo na chini yake "1x1". Kingine jina jingine la Kimombo na chini yake "1x3". Cha kwanza kilikuwa glibenclamide, dawa ya kushusha sukari. Cha pili captopril, ya presha. Taa ya chumbani kwake si kali, na wino wa peni ile ulikuwa umeanza kufifia pale vidole vilipoushika. Akavibadilisha. Dawa ya sukari akawa anameza mara tatu kwa siku, ya presha mara moja.

Usiku wa siku ya pili tulimkuta amelowa jasho, anatetemeka, anamwita marehemu dada yake. Jirani yetu muuguzi mstaafu ndiye aliyejua ni sukari imeshuka. Alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa maji ya sukari kidogo kidogo, tukakimbilia kwenu. Wahudumu wa zamu ile walimshughulikia vizuri mno, na hilo naliandika hapa kwa shukrani bila kinyongo. Lakini asubuhi, tulipopewa daftari lake, nilikuta mstari mmoja wa mwandiko safi kuliko yote iliyomo: "Mgonjwa hafuati maelekezo."

Maelekezo yapi, Ndugu Mganga Mfawidhi? Hilo ndilo linalonifanya niandike. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kibahasha cha dawa

Nitakaa hapa kuliko penginepo, kwa sababu hapa ndipo mtu anapofia.

"1x3" ni alama ya nani? Mfamasia anaijua, daktari anaijua. Sisi wengine tumejifunza alama hiyo kwenye jedwali la kuzidisha. Moja mara tatu, tatu. Mbili mara tatu, sita. Mtu aliyeishia darasa la saba akiona "2x3" kwenye dawa ya malaria ana haki kabisa ya kumeza sita kwa mkupuo, na mwalimu wake angempa vema. Namba ipi ni ya vidonge na ipi ni ya nyakati, kibahasha hakisemi. Kinategemea kwamba mtu aliyesimama foleni kwa saa nne, ana homa, amebeba mtoto, atakumbuka maneno yaliyosemwa mara moja kupitia tundu la kioo.

Vile vibahasha vya zamani vilivyochapwa vilikuwa na afadhali kidogo: "Kidonge ... kutwa mara ...". Lakini navyo vina shimo lake. Kutwa, kwa Kiswahili cha mama yangu ambaye ni mtu wa pwani, ni tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa. Usiku si kutwa. Usiku ni kucha. Ukimwambia dawa ya kila baada ya saa nane ni "kutwa mara tatu", atameza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili magharibi, kisha usiku mzima mwili ukae bila dawa. Na atakuwa amefuata maelekezo neno kwa neno.

Halafu kuna muda wa dozi. Kwenye cheti cha mtoto wa mpangaji wangu paliandikwa "1x3 x 5/7". Baba yake alinijia kuuliza kama dawa inaisha muda wake tarehe 5 Julai. Ilinibidi niulize na mimi ndipo nikajua kuwa 5/7 ni siku tano kati ya saba za wiki, yaani meza siku tano. Ni hesabu nzuri ya madaktari kuandikiana wao kwa wao. Kwa nini imefika mikononi mwa mpangaji wangu?

Tena hata wao kwa wao haiko salama. Nchini Marekani, mwaka 2004, chombo kinachosimamia ubora wa hospitali kilitoa orodha ya vifupisho ambavyo daktari haruhusiwi kuvitumia tena. Kimojawapo ni herufi U iliyosimama badala ya neno "yuniti" kwenye insulini. Ukiandika 10U kwa haraka, U inageuka sifuri, na mgonjwa wa yuniti kumi anapigwa mia. Hao ni wasomi wanaosoma mwandiko wa wasomi wenzao.

Na vibahasha vyenyewe vinafanana kama mapacha. Huko huko Marekani kulikuwa na mwanafunzi wa usanifu, Deborah Adler, ambaye bibi yake alimeza dawa za babu yake kwa makosa kwa sababu vichupa vilifanana. Yule binti hakuandika kwamba bibi hafuati maelekezo. Alichora kichupa kipya: bapa, ili maandishi yasizunguke ukayafukuzia kwa kukigeuza, jina la dawa juu kabisa kwa herufi nene, na pete ya rangi shingoni, kila mtu wa nyumba na rangi yake. Maduka ya Target yalianza kukitumia mwaka 2005. Sikuombi vichupa hivyo, ni ghali. Nasema tu kwamba bibi yake na mama yangu walipatwa na jambo moja, na waliowazunguka wakalitazama kwa macho tofauti.

2. Saa na tarehe

Kadi ya kliniki ya mama iliandikwa "8:00". Alikuwa aende kupimwa sukari kabla ya kula, na aliambiwa asitie kitu mdomoni mpaka apimwe. Mama yangu hesabu yake ya saa ni ya jua, kama yangu na kama yako ukiwa nyumbani kwako. Alisoma nane, akaja saa nane mchana. Alifunga tangu usiku, akapanda daladala mbili juani, akafika akakuta kliniki imefungwa na mfagizi anadeki. Mgonjwa wa sukari, Ndugu Mganga Mfawidhi, amekaa na njaa mpaka saa nane mchana kwa sababu ya tarakimu moja.

Tunaishi na saa mbili zinazopishana kwa saa sita, na kila mmoja wetu amewahi kukosa basi kwa ajili hiyo. Si jambo geni wala si siri. Dawa yake ni neno moja: "saa 2 asubuhi". Hakuna Mswahili duniani atakayelisoma vingine.

Chini ya saa hiyo, siku ya kurudi iliandikwa "TCA 1/12". Nimeshaelezwa. Ni kifupi cha Kiingereza cha kusema aje tena, na 1/12 ni sehemu moja kati ya kumi na mbili za mwaka, yaani baada ya mwezi mmoja. Ilikuwa Agosti. Kwenye benchi letu alikuwapo mzee mmoja anahesabu kwa vidole: Septemba, Oktoba, Novemba. Alijiandaa kurudi tarehe 1 Desemba, na dawa aliyopewa ilikuwa ya siku 30. Nilimwambia mimi. Wengine waliokaa mabenchi mengine sikuwahi kuwaona tena, siwezi kujua walirudi lini.

3. Vibao

Hapa naingia kwenye karakana yangu, nivumilie.

Nilihesabu karatasi kwenye mlango mmoja wa wagonjwa wa nje: 17. Zimegandishwa kwa plasta, baadhi juu ya nyingine. Moja inasema simu haziruhusiwi, nyingine ni ratiba ya chanjo iliyopita, nyingine inatangaza mafunzo yaliyokwisha. Katikati yake ndiyo ile inayosema maabara imehamia jengo la nyuma. Ukibandika 17 hujatoa taarifa 17. Umebandika karatasi ya ukutani. Jicho likikosa pa kuanzia haliangalii hata moja, linatafuta mtu wa kumuuliza, na ndiyo maana mlinzi wenu wa getini ndiye anayeiongoza hospitali hiyo kwa kidole chake. Siku akiumwa, mtapotea wote.

Kisha kuna majina. OPD. RCH. CTC. EMD. Mjamzito wa mara ya kwanza kutoka Chanika atajuaje kuwa RCH ndiyo yeye? Andikeni "Kliniki ya mama na mtoto". Na msiandike kwa herufi kubwa tupu. Najua inaonekana rasmi, wateja wangu wote hutaka hivyo, na kila mara nabishana nao. Neno la herufi kubwa tupu lina umbo la tofali, maneno yote yanafanana kwa mbali. Neno lenye herufi ndogo lina vichwa na mikia, na jicho huligundua kabla halijalisoma. Waingereza walipoanza kujenga barabara zao kubwa za mwendo kasi mwishoni mwa miaka ya 1950, waliwapa kazi ya vibao wachoraji wawili, Jock Kinneir na Margaret Calvert. Hao walikataa herufi kubwa tupu, wakaanza neno kwa kubwa na kuliendeleza kwa ndogo, na wakavijaribu vibao vyao kwa watu kabla ya kuvisimika. Tangu 1965 nchi nzima inatumia mfumo huo. Fundi wangu hakuwahi kuwasikia, ila alikuwa anafanya vilevile kwa kunivusha barabara.

Jambo la tatu ni mahali. Kibao cha maabara kiko juu ya mlango wa maabara. Aliyefika mlangoni amekwisha kufika! Kibao kinatakiwa pale njia panda, kwenye korido ya kwanza, pale ambapo mtu anasimama na kugeuza shingo kulia na kushoto. Simama pale asubuhi moja utazame shingo za watu, zitakuonyesha pa kupigilia misumari.

Wala usidhani hili linahitaji wataalamu wa nje. Daladala za jiji hili zimepakwa mistari ya rangi kwa njia, na mbele pana ubao wa maneno mawili, mwanzo na mwisho wa safari. Hata asiyejua kusoma hapandi gari la Mbagala akaenda Mwenge. Hospitali yenu haina hata mstari mmoja sakafuni wa kumpeleka mtu kutoka dirisha la malipo hadi mionzi.

(Kibao pekee kilichochongwa vizuri pale ni cha marumaru, cha uzinduzi wa jengo. Herufi zake zimesawazishwa, nafasi nzuri, dhahabu kwenye nyeusi. Kinamwambia mgonjwa ni nani aliyekata utepe.)

4. Tangazo la msamaha

Kwenye ukuta wa dirisha la malipo pana tangazo la mistari 41. Linaanza: "Uongozi wa hospitali unapenda kuwatangazia wananchi wote na wadau mbalimbali kwamba, kufuatia maboresho yanayoendelea..." Hapa ndipo ninapoihitaji ile "husika na kichwa cha habari hapo juu". Ni ndugu wa baba mmoja. Ni maneno ya kujiandaa kusema, na msomaji aliyesimama kwa mguu mmoja mbovu hana muda wa kungoja mtu ajiandae.

Mstari wa 33, nilipiga magoti kuusoma, unasema kuwa "kundi la wazee wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo litahudumiwa kwa mujibu wa utaratibu uliopo". Utaratibu uliopo wapi? Mama amelipa hapo mara tano, kwa pesa ya kuazima mara mbili kati ya hizo, akiwa amesimama hatua moja kutoka kwenye mstari uliomhusu.

Mimi ningeandika hivi, nilishauliza utaratibu wenyewe kwa yule binti wa dirishani na alinieleza kwa sekunde kumi:

"Una miaka 60 au zaidi na huna uwezo wa kulipa? Usilipe. Nenda dirisha namba 4 ukiwa na barua ya mtendaji wa mtaa."

Mistari miwili, herufi za urefu wa kidole, peke yake ukutani. Mama zetu wamevaa somo hili tangu zamani. Itazame kanga: pindo limezunguka pande zote, mji uko katikati, na jina liko chini, sentensi moja tu, herufi zilizonyooka, pamezungukwa na nafasi ili jicho lisipotee. Anayetaka kumsema jirani yake kwa kanga haandiki mistari 41. Mwanamke yule anapita mara moja mlangoni na ujumbe umefika, hata kama hukutaka kuusoma.

5. Namba ya malipo

Hili fupi. Kontroo namba mnayompa mgonjwa ina tarakimu 12, imechapwa mfululizo bila nafasi, kwa wino uliokwisha. Ukikosea moja, unarudi mwanzo wa foleni ya wakala. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, lakini imekatwa nne nne, na bibi yangu anaiingiza gizani umeme ukiwa umekatika. Wekeni nafasi. Basi.

Najua mtakachosema, maana kwa mdomo nilishajibiwa baadhi.

Mtasema hakuna bajeti. Wino wa kuandika "asubuhi 1, mchana 1, usiku 1" na wino wa kuandika "1x3" ni wa peni moja. Kuondoa karatasi 16 mlangoni ni kazi ya kucha za vidole. Kwa vibahasha, fundi mihuri wa Kariakoo atawachongea muhuri wa mpira kwa siku moja, wenye vyumba vinne: asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kulala. Mfamasia anajaza idadi ya vidonge kwenye chumba kinachohusika, kingine anapiga mstari. Mkifanya hesabu mtaona anaokoa hata muda wa kueleza.

Mtasema wagonjwa ni wengi na wahudumu ni wachache. Ni kweli, nimewaona wanavyochoka. Ila mgonjwa aliyepotea korido anamsimamisha muuguzi kumuuliza njia, aliyekosea saa anarudi kesho kuongeza foleni, na aliyekosea dozi anarudi usiku akiwa amebebwa. Maandishi mabovu hayo hayo ndiyo yanayowaongezea wagonjwa.

Mtasema watu wetu hawasomi. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu taratibu. Mwaka 1965 nchi hii ilifanya uchaguzi wakati watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Kila jimbo lenye wagombea wawili, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, zikachapwa kwenye karatasi ya kura. Watu walipiga kura na wabunge wakapatikana, hata mawaziri wakaangushwa. Waliotayarisha karatasi zile hawakusema watu hawasomi wakanyoosha mikono. Walijiuliza watu hao wanajua kutambua nini. Leo mama zetu hao hao wanatuma pesa kwa simu, wanaziangalia namba, wanalisubiri jina la mpokeaji kabla ya kubonyeza. Wanasoma kile kilichoandikwa ili kisomwe.

Naongeza tahadhari, kwa kuwa najua kuna atakayekimbilia picha. Nilimchorea mama kibahasha chenye jua dogo linalochungulia juu ya mstari, nikidhani nimemaliza kazi. Akalitazama, akauliza, "Hili linachomoza au linakuchwa?" Fundi wangu angekifuta palepale. Sasa chini ya jua nimeandika "asubuhi", na picha na neno vinasaidiana.

Mtasema kazi yenu ni tiba, michoro ni ya watu kama mimi. Kila tarehe 12 Mei wauguzi wenu huwasha mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale. Yeye mwaka 1858 alichapa mchoro wa duara lililokatwa vipande kwa miezi, kuonyesha kwamba katika vita vya Crimea askari wengi zaidi walikufa kwa magonjwa yanayozuilika kuliko kwa majeraha. Takwimu zilikuwapo kwenye majedwali, ila alijua wakubwa hawatayasoma, akatafuta sura ambayo jicho la mkubwa lisingeweza kuikwepa. Na huyo alikuwa muuguzi.

Na mwisho mtasema: "Tulimwelekeza." Daftari lina alama ya vema, maelekezo yametolewa. Naamini. Lakini nisikilize habari moja. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, vali moja ilifunguka na ikakwama wazi. Kwenye chumba cha waendeshaji palikuwa na taa ya vali ile, na taa ilikuwa imezima, wakaamini vali imefungwa. Kumbe taa haikuunganishwa na vali. Ilikuwa inaonyesha tu kwamba amri ya kujifunga imetumwa. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupoza yalimwagika huku watu wenye ujuzi wao wakiitazama taa iliyozima, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Ile vema kwenye daftari la mama ni taa hiyo. Inaonyesha kuwa maneno yalitoka dirishani. Yalifika wapi, hakuna aliyeuliza.

Basi naomba haya. Kwanza vibahasha, na hivyo visingoje kikao: kuanzia wiki hii "1x3" isitoke tena dirishani kwenda kwa mgonjwa, paandikwe asubuhi, mchana, jioni au kabla ya kulala, na dawa ya kila baada ya saa nane itajiwe saa zake. Kila mgonjwa wa dawa zaidi ya moja apewe vibahasha vyenye alama ya rangi tofauti, hata ya kalamu tu, na kila kibahasha kiseme dawa ni ya nini: ya sukari, ya presha. Kabla hajaondoka, mfamasia amwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe atakavyomeza. Si mtihani, ni kuitazama vali badala ya taa.

Kadi za kliniki ziandikwe saa kwa Kiswahili na tarehe kamili yenye jina la mwezi. Tangazo la msamaha lishushwe leo, lipandishwe lile la mistari miwili. Vibao vya njia panda nitavichora mimi, bila ujira, mkininunulia rangi na mbao. Na kabla ya kuvipigilia tutawaita wanawake watatu wa makamo ambao hawajawahi kukanyaga hospitali hiyo, tuwaambie wapeleke karatasi maabara, tukae kimya tuwatazame. Watakaposimama, hapo kibao kimekosea.

Ule mstari kwenye daftari la mama, naomba ufutwe au uandikiwe maelezo chini yake. Ameuona. Mjukuu wake alimsomea. Tangu siku ile kabla ya kumeza chochote ananipigia simu, hata nikiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, ananisomea herufi moja moja za jina la dawa mpaka niseme ndiyo.

Nangoja majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Kliniki yake ijayo ni Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, saa 2 asubuhi, na nitakuwa naye. Nitakuja na futi ya kupimia korido.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi mabango, mtoto wa mgonjwa wa Jumanne

Nakala:
Mfamasia Mfawidhi
Mwenyekiti, Bodi ya Hospitali
Sanduku la maoni (ufunguo ukipatikana)